Sega: Fundi Hodari Aliyepoteza Wateja

Vijana wengi wa siku hizi wanazijua mashine za michezo ya televisheni za kampuni ya Sony, lakini Sega wanaijua kwa mchezo wa Sonic tu. Napenda kuwaeleza jinsi kampuni hiyo ilivyopanda na ilivyoanguka, maana naona habari zake zinamfaa kila atakayefanya biashara, hata asiyecheza michezo hiyo kamwe.

Jina Sega limetokana na herufi mbili za mwanzo za kila neno katika jina Service Games. Waanzilishi wake walikuwa Waamerika waliopeleka mashine za kutumbukiza sarafu katika kambi za askari wa Marekani, kisha wakafungua biashara Tokyo. Mwaka wa 1965 biashara hiyo iliungana na ile ya David Rosen, Mwamerika aliyekaa Japani, ikawa Sega Enterprises.

Mashine yake ya kwanza ya nyumbani, SG-1000, ilitoka tarehe 15 Julai 1983, siku ile ile Nintendo ilipotoa ya kwake. Nintendo ikashinda. Sega haikukata tamaa, na mwaka wa 1988 ikatoa Mega Drive. Mchezaji alichomeka katriji yenye mchezo, na picha zikatokea katika televisheni. Mashine hiyo ilikuwa ya biti 16, hali ile ya Nintendo ya wakati huo ilikuwa ya biti 8. Kwa hiyo iliweza kuonyesha picha nzuri zaidi. Mwaka wa 1991 akaja Sonic, kalunguyeye wa buluu mwenye mbio za ajabu, na mashine zikauzwa kadiri ya milioni 30.

Lakini baada ya ushindi huo ndipo Sega ilipoanza kujiharibia. Novemba 1994 iliuza Marekani chombo kiitwacho 32X, cha kuongeza nguvu ya Mega Drive. Mwezi ule ule ikaanza kuuza Japani mashine mpya kabisa, Saturn. Nani angetengeneza michezo ya 32X, na Saturn imekwisha bisha hodi? Punde ikaachwa, na walioinunua wakabaki na chombo chenye michezo michache tu.

Tena, wenye maduka wa Marekani waliambiwa kwamba Saturn itakuja Septemba 1995. Ghafula, mwezi wa Mei, Sega ikatangaza kuwa imekwisha anza kuuzwa, kwa dola 399, katika maduka machache yaliyochaguliwa. Walioachwa walikasirika, na watengenezaji wengi wa michezo walikuwa hawajamaliza kazi yao. Siku hiyo hiyo Sony ikatangaza bei ya PlayStation yake: dola 299.

Mwaka wa 1998 ilitoka Dreamcast, mashine ninayoistaajabia kuliko zote. Ilikuwa na modemu ndani yake, hata mtu akaweza kucheza na mwenzake wa mbali kwa njia ya simu. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengi walipendelea kungoja PlayStation 2, iliyotoka mwaka wa 2000 na iliyoweza kuonyesha filamu za DVD pia. Mwezi wa Machi 2001 Sega ikaacha kutengeneza mashine. Mkuu wake, Isao Okawa, alitoa mali yake mwenyewe ili kuiokoa kampuni, akafariki mwezi huo huo. Kabla mwaka haujaisha, Sonic alikuwa akicheza katika mashine ya Nintendo, kama mpangaji katika nyumba ya mshindani wake.

Sega ingali ikitengeneza michezo, wala haikuanguka kwa kukosa ufundi. Kwa maoni yangu, iliwachosha watu waliokuwa wameiamini. Ninyi wanafunzi wa zamani wenye maduka mnalijua jambo hili kuliko mimi: mteja aliyedanganywa mara moja hapiti tena mlangoni, hata siku mkileta bidhaa bora.