Mzigo sio pensheni: Muuza mtandaoni aanzeje kujiwekea ya uzeeni?



Swali la leo fupi tu: ukifika miaka 60, nani atakulipa mshahara? Mwalimu ana mfuko wake, askari ana wake, aliyeajiriwa kiwandani anakatwa kila mwezi apende asipende. Sisi wa "bei inboksi, delivari ipo" hakuna anayetukata. Tusipojikata wenyewe, basi hakuna.

Mimi nauza mikoba na viatu vya kike. Mzigo nachukua Kariakoo, stoo yangu ni chumba kimoja hapa Gerezani, na oda zinatoka na bodaboda au kwa mabasi ya mikoani. Kila asubuhi nikipita kuelekea Msimbazi nawakuta wazee wamekwishapanga meza zao. Wengine wanafanya kwa kupenda, kukaa nyumbani kunawachosha. Wengine wanafanya kwa sababu siku wasipofungua hawali. Hao wa pili ndio wananifanya niandike leo. Wamefanya biashara miaka thelathini, na si wavivu hata kidogo. Pesa yote iliishia kwenye mzigo, na mzigo ukaishia kwenye ada, kodi na matibabu.

Jibu la wengi ninaowauliza ni, "Akiba yangu ni biashara yenyewe." Sawa, lakini tukumbuke usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua. Kuna watu walilala na mtaji wakaamka na majivu. Mzigo unaungua, unaibiwa, unapitwa na fasheni. Mzigo ni mtaji. Akiba ya uzeeni inatakiwa ikae mahali ambapo moto wa stoo hauifikii.

Twende hatua kwa hatua.

*1. Gawa pesa mafungu matatu kabla hujagawa kitu kingine*

Fungu la kwanza ni mtaji, la kuzungusha. La pili ni dharura: mtoto kaumwa, simu imeibiwa, mzigo umekwama bandarini. La tatu ni uzee, na hili haliguswi. Ukiyachanganya kwenye laini moja ya simu, mtaji utakula yote, maana Kariakoo kila siku kuna mzigo mpya unaokuita.

Mimi malipo ya wateja yanaingia lipa namba. Jumamosi jioni napiga hesabu ya faida, sio mauzo. Kwenye faida natoa kwanza ya dharura na ya uzee, ndipo najilipa matumizi. Kiasi ni kidogo, ila hakiruki wiki.

*2. Dharura kwanza*

Usikimbilie kuwekeza ya miaka thelathini wakati huna ya wiki mbili. Lenga matumizi ya miezi mitatu. Mahali pazuri ni pale pesa inapokua kidogo na unaweza kuitoa ndani ya siku chache. Mfano ni Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS: unaanza na shilingi 100,000, kisha unaongeza kuanzia 10,000.

Na michezo yetu ya kupeana je? Kijumbe anasaidia sana kupata pesa ya mzigo kwa mkupuo. Endelea nayo. Ila mchezo unakurudishia ulichotoa, hauzai. Usiuhesabu kama pensheni.

*3. NSSF sio ya walioajiriwa tu*

Hili wengi hatulijui. Tangu mifuko ilipounganishwa mwaka 2018, watumishi wa umma wako PSSSF, na NSSF imebaki na sekta binafsi pamoja na sisi tuliojiajiri. Unajiandikisha mwenyewe, unachangia mwenyewe.

Shika namba moja: miezi 180. Ndiyo michango inayohitajika ili upate pensheni ya kila mwezi. Ni miaka 15. Umri wa kustaafu ni 60, na ukiamua kwa hiari, 55. Ukianza na miaka 25 bila kuruka mwezi, ukifika 40 hiyo miezi umeimaliza na unaendelea kuongeza. Ukianza na 48, utaimaliza ukiwa na 63. Umeona tofauti? Viwango vya kuchangia na mafao yanayoendana navyo waulize ofisini kwao, usimuulize jirani.

*4. Vipande vya uwekezaji wa pamoja*

Hapa ndipo mwenye kidogo anapoingia. Pesa zetu zinakusanywa, wataalamu wananunua hati fungani, hisa na amana za benki, na wewe unamiliki vipande. Mfuko wa Umoja ulianza 2005, na kima cha chini ni vipande 10 tu. Kuna pia Mfuko wa Hati Fungani, ulioanza 2019. Ofisi za UTT ziko Sukari House, pale mjini karibu na Posta, ila unaweza kulipia kwa simu bila kuacha duka.

Bei ya kipande inapanda na inaweza kushuka. Kwa hiyo usiweke humu kodi ya mwezi ujao.

*5. Hati fungani za serikali*

Hapa unaikopesha serikali kupitia Benki Kuu. Kima cha chini ni shilingi milioni 1. Zipo za miaka 2 hadi 25. Riba inalipwa mara mbili kwa mwaka, na mwisho wa muda unarudishiwa pesa yako. Tuseme riba ni asilimia 12: milioni moja inakupa 60,000 kila miezi sita. Riba halisi inategemea hati ya siku hiyo. Unahitaji akaunti maalumu ya CDS, unayofunguliwa na benki au dalali wa hisa. Kama milioni huna, kusanya kwenye vipande kwanza, ikitimia hamisha.

*6. Hisa: ndiyo, lakini kwa kiasi*

Soko la Hisa la Dar es Salaam linafanya kazi tangu 1998, na siku hizi unanunua kwa simu kupitia programu ya Hisa Kiganjani. Tazama mifano miwili. NMB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600, na leo bei iko kwenye maelfu. Vodacom iliuza mwaka 2017 kwa shilingi 850, na miaka iliyofuata bei ikashuka chini ya hapo. Soko lile lile, nchi ile ile. Usiweke mayai yote kwenye kapu moja, na usinunue hisa kwa pesa utakayoihitaji mwakani.

*Hesabu sasa*

Chukua shilingi 2,000 kwa siku, yaani 60,000 kwa mwezi. Tuseme inakua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Huu ni mfano, sio ahadi ya mtu yeyote.

Aliyeanza na miaka 25, akifika 55 ameweka milioni 21.6 mfukoni mwake, na ana kama milioni 135.
Aliyeanza na miaka 35, akifika 55 ameweka milioni 14.4, na ana kama milioni 45.

Wa pili amechelewa miaka kumi tu. Tofauti ya walichoweka ni milioni 7.2. Tofauti ya walichopata ni karibu milioni 90! Faida ilizaa faida, na iliyozaa muda mrefu ndiyo iliyoshinda.

Ila tusidanganyane. Bei za vitu nazo zinapanda. Tukikadiria mfumuko wa asilimia 4 kwa mwaka, ile milioni 135 itanunua kile ambacho milioni 42 hivi inanunua leo. Inatosha kukupa kama laki 2 za leo kila mwezi bila kula mtaji. Sio utajiri, ila ni kodi ya chumba na unga, na humuombi mtoto. Ndiyo maana biashara ikikua, hiyo 2,000 nayo ikue. Mwaka huu 2,000, mwakani 3,000.

*Na kiwanja je?*

Kiwanja ni kizuri, nami sikatazi. Lakini huwezi kuuza hatua tatu za kiwanja kulipia dawa, na siku una shida mnunuzi anajua una shida. Kiwe kimojawapo, kisiwe peke yake.

*Kaa mbali na vitu hivi*

Kila mwezi kwenye magrupu yetu anatokea mtu: "Weka laki, baada ya wiki mbili chukua laki mbili." Waliokuwepo mwaka 2009 wanaikumbuka DECI, watu walivyoambiwa wapande mbegu wavune. Walioingia mapema walivuna pesa za waliofuata, serikali ilipoingilia kati wengi wakabaki wanalia. Jina linabadilika, mchezo ni ule ule.

Kabla hujatuma hata shilingi, uliza mambo matatu. Je, wamesajiliwa na Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Pesa inazalishwa na biashara gani hasa? Na mbona wananilazimisha nilete watu? Jibu moja tu likiyumba, funga simu.

*La mwisho: andika mrithi*

Kila unapofungua akaunti, jaza jina la mnufaika, na mtu mmoja nyumbani ajue karatasi ziko wapi. Pesa isiyojulikana na familia ni pesa iliyopotea.

Sasa kazi ya wiki hii ni moja. Usifungue vitu vitano. Chagua kimoja: kama huna dharura, anza na dharura. Kama unayo, nenda NSSF au nunua vipande vyako vya kwanza. Umri haukusubiri umalize kuuza.

Wewe unaweka wapi ya uzeeni? Tuandikie hapo chini, mwenzako ajifunze. Na kama una rafiki anayesema "akiba yangu ni mzigo", mtumie hii asome usiku akimaliza kufunga oda.