Meno ya Kahawia na Taa ya Daktari

Katika sehemu za Arusha, Meru na Hai wapo vijana wengi wanaoziba mdomo kwa mkono wanapocheka. Meno yao ni ya kahawia ingawa wanayapiga mswaki kila siku. Sasa zipo kliniki mijini zinazong'arisha meno kwa taa, na wazazi wanauliza: Je, itamfaa mwanangu? Kabla ya kutoa fedha, tuelewe kazi yenyewe.

Daktari hukagua kinywa kwanza. Meno yaliyotoboka huzibwa, maana dawa ikiingia kwenye tundu huleta maumivu makali. Fizi hufunikwa zisiungue, na mgonjwa huvaa miwani ya kukinga macho. Kisha meno hupakwa dawa nzito ya haidrojeni peroksaidi, mara nyingi yenye nguvu ya asilimia 25 hadi 40. Dawa hii hupenya ndani ya jino na kuvunjavunja chembe zenye rangi. Taa ya bluu humulikwa kwa dakika 15 hadi 20, dawa hufutwa na kupakwa tena, mara mbili au tatu.

Wengi hudhani taa ndiyo inayong'arisha. Sivyo. Kazi hufanywa na dawa. Taa huichochea tu. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba baada ya majuma machache, meno yaliyomulikwa na yasiyomulikwa hayatofautiani sana. Basi usilipe zaidi kwa ajili ya taa.

Je, rangi ya kahawia itatoka? Rangi hiyo si uchafu. Chanzo chake ni wakati meno yakijengwa ndani ya taya, kuanzia utoto hadi miaka 8 hivi, kwa sababu ya maji yenye floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini baadhi ya visima na chemchemi kuzunguka Mlima Meru vimepita kiasi hicho. Madoa hafifu hupungua kwa dawa. Kahawia nzito mara nyingi haitoki yote, na jino lenye vishimo huhitaji kufunikwa. Meno ya bandia hayabadiliki rangi.

Baada ya tiba, meno huweza kuuma kwa siku chache ukinywa kitu baridi. Watoto na wajawazito wasifanyiwe. Wala usisugue meno kwa mchanga au tindikali: gamba la jino likilika halioti tena.

Mzazi, angalia pia wadogo zake. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Wapatie maji ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, na upunguze magadi jikoni. Mwenye mtoto mchanga aanze sasa, kabla meno ya ukubwani hayajajengeka.