Utangulizi: Profesa wa Pauni 40

Taaluma ya maandishi ya kale ya Wagiriki na Warumi huogopwa na wengi kabla hawajaionja, wakidhani ni mambo ya mabwana wenye majoho. Majoho yapo, sikatai. Lakini ugomvi nao upo, tena mtamu, na kwa sababu hiyo naanza na Benjamin Jowett badala ya Homer.

Jowett alizaliwa London mwaka 1817. Mwaka 1854 aliwania ukuu wa chuo cha Balliol, Oxford, akabwagwa na Robert Scott. Mwaka uliofuata akateuliwa kuwa profesa wa Kigiriki, kwa mshahara wa pauni 40 kwa mwaka. Kila hoja ya kumwongeza ilipoletwa, wapinzani waliizima, kwa kuwa alikuwa amefafanua nyaraka za Paulo kwa namna iliyowaudhi makasisi. Wala hakunyamaza: mwaka 1860 aliandika kwamba Biblia isomwe kama kitabu kingine chochote. Akashitakiwa mbele ya mahakama ya chuo kikuu mwaka 1863, kesi ikaishia njiani. Nyongeza ilipatikana mwaka 1865, ikafikia pauni 500, na fedha zilitoka Christ Church, chuo cha Henry Liddell. Aliyewahi kujifunza Kigiriki atacheka hapa. Liddell na Scott ndio waliotunga ile kamusi nene tunayoifungua mpaka leo: mmoja alimnyima kiti, mwenzake akamlipa.

Kiti hicho cha ukuu wa Balliol alikipata mwaka 1870, na tafsiri yake ya Plato ikatoka mwaka mmoja baadaye. Kuanzia 1882 hadi 1886 alikuwa makamu mkuu wa Oxford nzima. Wanafunzi walimsomea insha zao kwa sauti, yeye kimya, kimya kirefu cha kutoa jasho, kisha sentensi moja fupi.

Simpambi. Kwake Kigiriki kilikuwa pia maandalizi ya kutawala. Curzon, aliyekuja kuwa gavana mkuu wa India, alipitia Balliol yake. Na tafsiri zake zinateleza mno: Plato anapojikwaa kwa makusudi, Jowett humnyoosha. Ndiyo maana sura ya kwanza inaweka Kigiriki kando ya Kiingereza chake, katika Utetezi wa Socrates, pale mzee anapombana mshitaki wake, Meletus, kwa maswali. Huhitaji kujua herufi hata moja; tutazisoma pamoja.