Mafundisho ya Uongo Huingiaje Nyumbani?



Mtu mwenye akili timamu hupotezwaje hata akamnyima mtoto wake chakula kwa jina la Mungu? Jambo hili limetukia katika nchi yetu. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Walionusurika walieleza kwamba wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu, na watoto watangulie. Mackenzie alikana mashtaka.

Sisi wa Turkana tunaijua njaa. Wakati wa ukame mama zetu huokota makoma ili watoto wasilale na matumbo matupu. Basi twaweza kudhani neno kama hilo halitapata nafasi kwetu. Lakini, ndugu zangu, halianzi na kufunga.

Huanza na wema. Tuseme mama amefiwa na mumewe, na mbuzi wake wameisha kwa ukame. Mgeni mwenye Biblia anamletea unga, anakaa, anamsikiliza. Hapo hakuna ubaya. (Na tujiulize kwa nini mgeni alitutangulia sisi majirani.) Kisha mama anaambiwa kanisa lake limekufa. Kisha anaambiwa: haya usimweleze mchungaji wala dada yako, hawataelewa. Hapo ndipo pa kushtuka! Bwana Yesu, alipoulizwa na Kuhani Mkuu, alijibu kwamba alifundisha hadharani.

Mackenzie alikataza shule na hospitali. Fikirini maana yake. Mtoto akitolewa shuleni, mwalimu hamwoni tena. Asipopelekwa zahanati, muuguzi hamwoni. Akihamishiwa msituni, hakuna jirani wa kuuliza mbona amekonda. Kila katazo huondoa jicho moja. Huko Kanungu, Uganda, ambako mamia waliteketea kanisani tarehe 17 Machi 2000, waumini walikuwa wamezuiwa hata kuzungumza. Walitumia ishara za mikono. Asiyesema atamwuliza nani swali?

Someni Matendo ya Mitume 17:11. Watu wa Beroya waliyapima maneno ya Paulo mwenyewe kwa Maandiko, nao wanasifiwa kwa hilo. Basi mwulizeni kila mhubiri, hata huyu wa redioni.

Na kama ndugu yako amekwisha kuingia, usimtukane, maana amekwisha kuambiwa kwamba jamaa zake watamchukia. Mpelekee salamu. Mwambie mvua imenyesha, mbuzi wake amezaa, mama anamwulizia. Lakini ukisikia kwamba mtoto ananyimwa chakula au dawa, usingoje ibada ya Jumapili; nenda kwa chifu na polisi siku ile ile.