Mto wa maji ya uzima

Mto wa maji ya uzima ni taswira ya Biblia ambayo Wakristo huitumia kueleza uhai unaotoka kwa Mungu na kumfanya upya mtu aliyechoka, aliyetenda dhambi au aliyekata tamaa. Jina hilo linapatikana katika sura ya 22 ya Kitabu cha Ufunuo, lakini asili ya taswira yenyewe ni ya zamani zaidi. Kati ya maeneo ya Tanzania ambako inaeleweka kwa urahisi ni nyanda za juu za Kigoma, yaani Manyovu, Kasulu na Kibondo, ambako mito mingi huanzia vilimani na ambako wakimbizi wamepokewa mara nyingi.

Katika Biblia

Kitabu cha Mwanzo kinataja mto uliotoka Edeni na kugawanyika kuwa mito minne. Zaburi ya 46 inazungumzia mto unaoufurahisha mji wa Mungu, ingawa Yerusalemu haikuwa na mto mkubwa, bali chemchemi ya Gihoni tu. Ni wazi kwamba tangu mwanzo hoja haikuwa jiografia.

Maelezo marefu kuliko yote yamo katika Kitabu cha Ezekieli, sura ya 47. Nabii huyo alikuwa kuhani aliyehamishwa kwa nguvu kwenda Babeli mwaka 597 KK hivi, akaishi kati ya wahamishwa kando ya mto Kebari. Hekalu lilipokuwa limeshabomolewa, aliona katika njozi maji yakitoka chini ya kizingiti cha hekalu jipya. Kila baada ya dhiraa 1,000 maji yalipimwa: kwanza yalifika kwenye vifundo vya miguu, kisha magotini, halafu kiunoni, hatimaye yakawa mto usiovukika ila kwa kuogelea. Hakuna kijito kilichoingia kuyaongeza. Yalishuka hadi Bahari ya Chumvi, samaki wakaishi humo na wavuvi wakatandaza nyavu.

Jambo moja husahauliwa katika mahubiri mengi: mabwawa ya kando hayakuponywa, yaliachwa yawe ya chumvi. Wafafanuzi wengine huona humo hukumu, wengine zawadi, kwa kuwa chumvi ilihitajika mezani na hekaluni. Msomaji wa Kigoma ana sababu ya kuelekea maana ya pili: huko Uvinza, karibu na mto Malagarasi, chemchemi za chumvi zimetumiwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi hiyo ilikuwa bidhaa kubwa ya biashara.

Katika Injili ya Yohane, Yesu anamwahidi mwanamke Msamaria maji ya uzima (sura ya 4), na wakati wa Sikukuu ya Vibanda anawaita wenye kiu wamwendee (sura ya 7). Mwinjili anaeleza kwamba maji hayo ni Roho Mtakatifu. Kwa kuwa maandishi ya kale ya Kigiriki hayakuwa na alama za vituo kama za leo, wataalamu hawakubaliani kama mito hiyo inatoka ndani ya Kristo au ndani ya anayemwamini. Tofauti si ndogo: kwa maana ya kwanza muumini ni mwenye kunywa tu, kwa ile ya pili anakuwa pia njia ya kuwafikishia wengine maji.

Katika ibada

Kanisa Katoliki hutumia maneno yanayotokana na njozi ya Ezekieli wakati wa kunyunyizia waumini maji ya baraka katika kipindi cha Pasaka, ili wakumbuke ubatizo wao. Wapentekoste na Waadventista hubatiza kwa kuzamisha, mara nyingi mtoni au ziwani. Wapentekoste wengi husimulia vipimo vya Ezekieli kama hatua za kuzama zaidi katika Roho, ingawa nabii mwenyewe hasemi hivyo.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi na Tanganyika, ulikazia hasa damu ya Kristo na toba ya hadharani. Wimbo wake maarufu, Tukutendereza Yesu, unahusu utakaso kwa damu hiyo. Hata hivyo lengo lilikuwa lilelile: mtu aliyekwisha kubatizwa, lakini imani yake imekauka, apate uhai tena. Upande wa Waanglikana, Dayosisi ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu, iliundwa mwaka 1966.

Katika nyanda za juu za Kigoma

Manyovu iko mpakani na Burundi, katika wilaya ya Buhigwe. Wakimbizi wa Burundi waliingia mkoa wa Kigoma kwa wingi mwaka 1972, kisha kuanzia 1993 na tena 2015. Wakongo nao walianza kupokewa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mwaka 1996. Upande wa Kibondo, kambi ya Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015.

Kwa watu wa namna hiyo, njozi ya Ezekieli ni neno la mhamishwa kwa wahamishwa. Haisemi kwamba hekalu halikubomolewa. Inasema maji yanaanzia hapo hapo palipobomolewa. Ufunuo unaongeza kwamba majani ya mti ulio kando ya mto huo ni dawa kwa mataifa, si kwa taifa moja. Katika ibada ambayo Muha, Mrundi na Mkongo huketi benchi moja, wakijua vita vimewatenda nini, sentensi hiyo haipiti bila kusikika.

Maji ya kawaida nayo yana neno lake. Katika kambi hugawiwa kwa mabomba ya pamoja, na kipimo cha kimataifa wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Anayehubiri habari za mto usiovukika huwa anasikilizwa na watu walioacha madumu yao kwenye foleni.