Kidonda Kidogo, Hatari Kubwa

Mtu huchomwa na mwiba shambani. Kidonda huvimba na kutunga usaha. Baada ya siku chache ana homa kali na anasema ovyo. Kwa nini?

Vijidudu vimeingia mwilini. Mwili unapigana navyo. Pigano likizidi, mwili huanza kudhuru viungo vyake wenyewe: figo, mapafu, moyo na ubongo. Ugonjwa huu huitwa sepsisi. Huweza pia kuanzia kwenye kichomi, au kwa mama aliyejifungua. Mwaka 2017 uliua watu wapatao milioni 11 duniani.

Hata hospitalini wagonjwa wengine hufa. Walio katika hatari zaidi ni hawa:

1. Watoto wachanga na wazee.
2. Wenye kisukari, saratani, UKIMWI au ugonjwa wa figo.
3. Ambao presha yao imeshuka sana.
4. Ambao viungo kadhaa vimeshindwa kufanya kazi.
5. Waliochelewa kutibiwa.

Umri hatuwezi kuubadili. Lakini tunaweza kuacha kuchelewa.

Angalia dalili. Mgonjwa hupumua haraka, moyo huenda mbio, mkojo hupungua, akili huchanganyikiwa. Mtoto mchanga hukataa kunyonya na hulegea. Pengine mwili huwa baridi badala ya kuwa na homa.

Ukiona hivyo, usingoje kesho. Mpeleke mgonjwa zahanati au hospitali upesi. Mweleze mganga ugonjwa ulianza lini, na dawa gani zimetumika.

Maswali
1. Nani wako katika hatari zaidi?
2. Kijijini kwenu, ni nini huchelewesha wagonjwa? Mtafanya nini?