Mtoto kachekesha, simu iko mkononi: tuposti au tuache?

Tuanze na video ambayo haipo, ila kila mtu ameshaiona. Mtoto wa miaka mitatu, tumwite Doto, amesimama uani kwao hapa Pasiansi, sukari imemjaa kuanzia puani hadi kifuani. Sauti ya mama nyuma ya simu inauliza: "Doto, nani kala sukari?" Doto anafikiri, anajilamba mdomo, anajibu kwa utulivu kabisa: "Paka." Mama anacheka mpaka simu inatikisika. Sekunde 20 tu. Video inapanda stetasi, inaingia grupu la ukoo, shangazi aliyeko Muscat anaomba irushwe tena, na kabla ya magharibi kijana fulani wa mtaa wa pili ameshaipandisha TikTok ikiwa na muziki juu yake.

Sasa kuna ubaya gani hapo? Nikiwauliza watu, napata majibu ya aina mbili. Wengine wanasema mtoto ni wangu, simu ni yangu, bando nimenunua mwenyewe. Wengine wanasema mtandaoni kuna watu wabaya, usiweke kitu chochote. Naona pande zote mbili zinaruka sehemu ya katikati, na hapo ndipo utafiti unaweza kutusaidia: mtoto mwenyewe anaelewa nini wakati anarekodiwa, na anaanza kujali lini?

Kabla ya kufika kwa mtoto, tuiangalie video inavyosafiri. Stetasi ya WhatsApp inapotea baada ya saa 24, jambo linalowapa wengi amani ya bure. Kinachopotea ni nakala iliyoko kwenye stetasi yako. Aliyeihifadhi ana faili lake, aliyetumiwa na huyo ana la kwake, na wewe ukibonyeza kufuta unafuta la kwako. TikTok nayo haisubiri uwe na wafuasi wengi. Kampuni yenyewe imeeleza kwamba mfumo wake wa mapendekezo unaangalia sana watazamaji wanafanya nini: wametazama hadi mwisho? Wamependa? Wamewatumia wenzao? Video ya Doto imejaliwa vyote hivyo. Ni fupi, mwisho wake unashtukiza, na hata asiyejua neno la Kiswahili ataiona sukari kidevuni.

Mfano maarufu kuliko yote unatoka Uingereza, mwaka 2007. Baba mmoja aliwarekodi wanawe wawili, yule mdogo akimng'ata kaka yake kidole, akaiweka YouTube ili baba wa ubatizo wa watoto, aliyekuwa Marekani, aione. Mlengwa alikuwa mtu mmoja. Video hiyo imetazamwa mara zaidi ya milioni 800, na mwaka 2021 familia iliiuza kwa mnada, kama mali ya kidijitali, kwa dola 760,999. Hao waliangukia pazuri. Karibu zaidi na sisi, mwaka 2012 kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, ilipigwa picha ya mtoto mdogo akimtazama mwanamke mgeni aliyechuchumaa mbele yake, jicho la mtoto likiwa la mtu asiyeamini anachoambiwa. Ilipowekwa mtandaoni watu wa dunia nzima waliandika juu yake maneno ya kumwekea mtoto yule mdomoni, mengi yakiwa mzaha kuhusu umaskini. Maelfu ya maneno, na hakuna hata moja alilolisema yeye.

Haya, turudi kwa Doto na paka wake.

Kwanza niseme, uongo wa Doto ni habari njema. Watoto huanza kudanganya wakiwa na miaka miwili hadi mitatu, na wanaosomea ukuaji wa akili hawalichukulii jambo hilo kama dalili ya uhalifu. Ili kudanganya, lazima mtoto awe ameanza kuhisi kwamba anachokijua yeye na anachokijua mama ni vitu viwili tofauti. Hiyo ni hatua kubwa. Kilichobaki ni kujifunza kufuta ushahidi mdomoni, na hilo nalo litakuja! Mama aliyepo uani anaweza kuyaona yote hayo. Mtazamaji wa TikTok anaona mwizi wa sukari.

Lakini Doto anajuaje kwamba kinachotokea ni mchezo na si kesi? Anasoma uso wa mama. Kuna jaribio zuri la Marekani lililochapishwa mwaka 1985. Watoto wa miezi 12 waliwekwa juu ya meza ambayo nusu yake ni kioo, hivyo mbele yao palionekana kama pana shimo fupi. Mama alisimama upande wa pili. Mtoto akifika ukingoni anasita, anamtazama mama. Akina mama walioonyesha furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Walioonyesha hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Mtoto wa mwaka mmoja hajui fizikia ya kioo. Anachojua ni kwamba uso wa mama haumdanganyi.

Ndiyo maana video zinazonisumbua zaidi si kama ya Doto. Ni zile ambazo mtoto analia au anaogopa, na anayemtazama ili apate tafsiri amejificha nyuma ya simu, anacheka. Agosti 2023 ulienea TikTok mchezo wa mzazi kumpasulia mtoto yai mbichi kwenye paji la uso, kwa kumshtukiza, wakati wanapika pamoja. Wengine walicheka. Wengine walishika paji, wakamwangalia mzazi, wakalia. Pale mtoto amefika ukingoni mwa kioo, ametafuta uso, na uso uko kwenye kurekodi.

Utanijibu kwamba watoto wetu hawalalamiki, wengine wanapenda hata kurekodiwa. Ni kweli, wapo. Lakini nikupe utafiti mmoja uliofanyika jirani zetu. Wanasaikolojia wana jaribio la kioo: wanamwekea mtoto alama usoni bila yeye kujua, kisha wanampeleka mbele ya kioo. Akijishika pale penye alama, anahesabiwa kuwa anajitambua. Katika nchi za Magharibi watoto wengi wanafaulu wakiwa na miezi 18 hadi 24. Kwenye kazi iliyochapishwa mwaka 2011 jaribio lilifanywa katika nchi kadhaa, na nchini Kenya, kati ya watoto 82, wengine wakiwa wamekaribia miaka sita, waliofaulu walikuwa wawili. Wawili! Je, watoto wa Kenya hawajijui? Mwambie hivyo mama yeyote wa Kikenya, kisha ujiandae kukimbia.

Watafiti walichokiona ni kwamba wengi waliganda. Walikodolea macho kioo, kimya, bila kugusa kitu. Maelezo waliyoyapa uzito ni ya malezi: mtoto aliyelelewa kuwatii wakubwa anajiuliza kama anaruhusiwa kuiondoa ile alama. Mkubwa ndiye kaiweka, basi na ikae.

Nikisoma utafiti ule naona sebule nyingi za Mwanza. "Simama hapo. Haya sema tena kama ulivyosema jana. Wachezee kidogo wageni waone." Mtoto anasimama, anasema, anacheza. Tumemfundisha wenyewe kwamba mkubwa akiagiza hakuna kubisha, halafu tunauchukua utii ule tunauita kukubali. Utulivu wa mtoto mbele ya kamera unaweza kuwa furaha, unaweza kuwa adabu tu, na ukiwa nyuma ya simu ni vigumu sana kuvitofautisha.

Sasa umri unasogea. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Max Planck kule Leipzig, Ujerumani, walichapisha matokeo kwamba watoto wa miaka mitano waliiba kidogo na kusaidia zaidi walipokuwa wanatazamwa na mtoto mwenzao, wakati sokwe hawakubadilika, watazamwe wasitazamwe. Maana yake kufikia miaka mitano mtoto tayari analinda jina lake mbele ya wenzake. Upande mwingine, mtu mzima ni nadra kukumbuka kitu kilichomtokea kabla ya umri wa miaka mitatu au mitatu na nusu. Weka hayo mawili pamoja. Doto hataikumbuka ile siku ya sukari. Ila atafika shuleni akiwa na umri wa kujali anaonekanaje, na atakuta wenzake wanaikumbuka kwa niaba yake.

Huku kwetu watoto wa mtaa mmoja wanasoma shule moja. Watazamaji laki moja wa Brazili hawana madhara kwa Doto kama yule mmoja anayekaa naye dawati moja, ambaye kaka yake ana ile video kwenye simu. Jina "Paka" linaweza kuanza darasa la kwanza likamsindikiza hadi sekondari. Kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii anajua jina la utani linavyoganda, na anajua pia kwamba aliyepewa hakuombwa maoni.

Hapo kuna mtu ataniambia: acha uzungu, sisi ni watu wa utani. Kweli kabisa, na utani wetu una kanuni. Bibi anamwita mjukuu "mume wangu", anamcheka kwamba ameoa mke mzee asiye na meno. Mjukuu naye anamjibu bibi vilevile, na wote wawili wanacheka. Mtani anatukanwa na anarudisha. Raha yake ni kwamba anayechekwa yupo na ana zamu yake ya kusema. Video inamnyima Doto zamu hiyo.

Kuhusu watu wabaya sitakaa sana, maana hilo linasemwa kila siku, ila namna linavyotokea haielezwi. Mwaka 2019 iligundulika kwamba mfumo wa mapendekezo wa YouTube ulikuwa unakusanya video za kawaida za familia, watoto wakiogelea au wakicheza na nguo za kuogelea, na kuwapangia mfululizo watu waliokuwa wanatafuta maudhui ya ngono. Hakuna mtu aliyekaa akapanga hivyo. Mfumo uliona tu kwamba waliotazama hii walitazama na ile. Video moja ya Brazili, ya msichana wa miaka 10 na rafiki yake kwenye bwawa la nyumbani, ilifikisha mara 400,000 kwa njia hiyo. Mwaka huohuo YouTube ilifunga sehemu ya maoni kwenye video nyingi za watoto. Sisi tuna ziwa. Watoto kuoga pale ufukweni mchana kweupe, bila nguo, ni jambo la kawaida na halina aibu, kwa sababu anayepita ni jirani. Ukilirekodi na kuliposti umewabadilisha wapitaji. Vivyo hivyo sare ya shule yenye nembo, au kibao cha mtaa nyuma ya mtoto: kwa jirani si habari, kwa asiyewajua ni anwani.

Na sheria? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ndani yake taarifa zinazohusu watoto zimo katika kundi la taarifa nyeti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Ufaransa ilienda mbali zaidi Februari 2024: jaji anaweza kumzuia mzazi kusambaza picha za mtoto wake. Ugumu uko palepale kila nchi. Anayetoa ridhaa kwa niaba ya mtoto ni mzazi, na anayerekodi ni mzazi huyohuyo. Mlinzi wa geti na mgeni anayeomba kuingia ni mtu mmoja.

Msimamo wangu si kwamba usirekodi. Rekodi, tena sana, maana ile sauti ya miaka mitatu hairudi. Ninachotenganisha ni kurekodi na kuposti. Shangazi wa Muscat anastahili kumuona Doto, basi atumiwe yeye. Video ya mtoto analia, anaadhibiwa, anaumwa, anaoga au kajikojolea, mimi siitumi hata kwa ukoo. Na kuanzia miaka minne au mitano, mtoto aonyeshwe video kabla haijatoka, aulizwe, na akisema hapana iwe hapana kweli. Kwa mtoto aliyezoea kutii, uliza kwa namna inayomruhusu kukataa: "Hii tumtumie shangazi, au tubaki nayo sisi?" ni swali. "Nimtumie, eeh?" ni amri iliyovaa kanga.

Sehemu ngumu siyo mtoto, ni ukoo. Unamwambiaje mtu aliyekulea kwamba asirushe video? Nimesikia njia nyingi, iliyo fupi ni kuliandika ombi pamoja na video yenyewe, kabla haijafunguliwa: "Shikamoo shangazi. Huyu hapa Doto wako na kesi yake ya sukari. Naomba hii ibaki kwetu, isiende kwenye magrupu." Anaweza kununa siku mbili. Siku ya tatu atapiga simu, atataka aongee na Doto mwenyewe, amuulize huyo paka ana rangi gani.